Bomba Jembamba

Siku za kazi Gencho Tenchev hakugusa mafuta. Sisi wengine tulikunywa chai na mikate ya jibini inayochuruzika siagi, naye amekaa pembeni na tufaha lake na kipande cha mkate mkavu. Ukimkaribisha anakujibu, "Mafuta na oksijeni, mdogo wangu, ni kama mke na mama mkwe. Waweke chumba kimoja uone nyumba inavyowaka." Kisha ananawa mikono kwa sabuni ya mche, mara mbili, mpaka kwenye viwiko, ndipo anashika valvu.

Alikuwa fundi bomba wa hospitali yetu ya wilaya, kaskazini-magharibi mwa Bulgaria, kwenye mji ambao vijana wake wako Uhispania na wazee wake wako kwenye foleni yetu. Uchomeleaji alijifunzia kwenye kiwanda cha mbolea. Kiwanda kilipokufa hospitali ikamchukua, maana ilikuwa imechoka kupandisha mitungi ya oksijeni kwenye ngazi na ilitaka bomba la shaba litoke kwenye tangi la uani mpaka kila chumba. Bomba hilo alilitandaza yeye, majira ya baridi ya mwaka wa tisini na sita. Nilipoajiriwa pale kuwa muuguzi, miaka saba baadaye, nilimkuta analijua kama mtu anavyojua njia ya kwao. Anagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, anasikiliza, anasema, "Hapa linapinda."

Mkewe, Tinka, alifuma soksi za sufu. Binti yao alikuwa Valencia akilea wazee wa watu wengine. Gencho mwenyewe alikuwa na mistari minane ya mizabibu, goti moja bovu, na jambo moja la kujivunia: kwamba kwa miaka yote hiyo hakuna mgonjwa aliyekosa hewa kwa sababu yake. Alilisema hata harusini, akishakunywa kidogo, na hakuna aliyembishia, maana ilikuwa kweli.

Novemba ya mwaka elfu mbili na ishirini wodi yetu ya mapafu ilijaa kwa siku tisa. Vyumba vyote tisa. Tukachukua na vyumba vitatu vya mwisho wa ukumbi, cha kumi, cha kumi na moja na cha kumi na mbili, ambavyo vilikuwa vya magonjwa ya ngozi. Wagonjwa wa ngozi tukawarudisha nyumbani na makopo ya marhamu, tukaweka vitanda vitatu vitatu, na kila kitanda kikafunguliwa oksijeni ukutani.

Ugonjwa ule wa korona ulikuwa na hila. Nimonia niliyoizoea humwangusha mtu, akakoroma, ukaona wazi kwamba anakwenda. Huu ulimwacha mtu anapiga soga huku damu yake imeishiwa oksijeni. Ndivyo alivyoingia Mladen Kyosev, Ijumaa mchana, kwa miguu yake, kofia ya manyoya kichwani, chupa ya kachumbari ya siki kwapani. Alikuwa mstaafu wa reli. Miaka thelathini alikuwa amesimama kwenye stesheni yetu na kibendera, na nusu ya wilaya ilimjua kwa matusi yake. Nikambana kidoleni na kile kidude cha kupimia oksijeni ya damu.

"Ngapi?" akauliza.

"Sabini na tisa."

"Si haba. Shuleni sikuwahi kufika hata sitini."

"Mzee Mladen, mtu mwenye afya ana tisini na saba. Kaa chini."

"Nikae chini nimechoka mimi?"

"Midomo yako imekuwa ya zambarau."

"Zabibu hizo, binti. Rusanka kanipa asubuhi."

Lakini alipofika neno la mwisho ilibidi avute pumzi mara mbili. Nikampeleka chumba cha kumi na moja, kitanda cha dirishani, nikamvisha barakoa yenye mfuko, nikafungua lita kumi na tano kwa dakika. Namba ikapanda: themanini na nne, themanini na nane, tisini na mbili. Midomo ikarudi kuwa midomo.

Dawa ya kukiua kirusi chenyewe hatukuwa nayo. Tulikuwa na sindano za kutuliza uvimbe wa mapafu, na za kuzuia damu isigande, na oksijeni, na kumlaza mtu kifudifudi. Hili la mwisho wagonjwa hawakulipenda. Lakini sehemu kubwa ya mapafu iko upande wa mgongo. Mtu akilala chali sehemu hiyo inabanwa, akigeuka inafunguka, na mara nyingi niliona namba ikipanda pointi tano kwa kumgeuza tu.

"Tangu jeshini sijalala hivi," Mladen akalalamika, uso kwenye mto. "Na kule angalau kulikuwa na adui."

"Saa mbili, kisha nitakugeuza."

"Saa mbili! Treni ya Sofia yenyewe haichelewi hivyo."

Rusanka, mkewe, hakuruhusiwa kupanda juu. Kila adhuhuri alisimama uani chini ya dirisha, koti la kijivu, sufuria ya supu imefungwa kwenye kitambaa. Gencho, akipita kukagua tangi, ndiye aliyempokea supu na ndiye aliyemshushia habari.

"Kaka Gencho, anakula?"

"Anakula, Rusanka. Na anatukana. Mtu anayetukana ana pumzi."

"Amenitukana na mimi?"

"Wewe hapana. Supu ndiyo aliyoitukana. Anasema umesahau chumvi."

"Sikusahau! Daktari wa moyo ndiye aliyemkataza!" Naye akacheka, kisha akafuta macho.

Jumanne asubuhi niliona jambo. Juu ya kila kitanda, ukutani, kuna kioo chembamba chenye kijipira ndani. Hewa ikipita kijipira kinapanda, nawe unasoma lita. Cha Mladen nilikuwa nimekifungua mpaka kumi na tano. Kilikuwa kimesimama kwenye tisa. Nikafungua kitufe mpaka mwisho, hakikupanda. Nikaenda chumba cha kumi na mbili, kwa bibi mmoja wa vijiji vya juu: saba. Niliporudi, kijipira cha Mladen kikapanda chenyewe mpaka kumi na mbili mbele ya macho yangu, sikukigusa. Nikachungulia ukumbini. Mwenzangu alikuwa amefunga hewa ya mgonjwa wa chumba cha kumi ili ambadilishe barakoa. Alipoifungua tena, kijipira cha Mladen kikashuka.

Walikuwa wananyang'anyana hewa.

Nikampigia Gencho. Akaja na ngazi na sanduku lake la vyombo, akakitazama kioo kwa muda mrefu. Hakufanya mzaha. Mladen ndiye aliyejaribu.

"Vipi Gencho, umenikatia maji?"

"Lala, Mladen. Usiongee."

"Tangi limepungua?" nikamuuliza ukumbini.

"Tangi limejaa. Presha ya uani ni nzuri."

"Basi ni nini?"

"Labda linavuja mahali," akasema, hakunitazama. "Nitatafuta."

Nikamweleza Daktari Lyubenova, daktari wa wodi yetu, naye akasema vizuri, fundi atafute upesi. Siku mbili Gencho alitafuta. Alizunguka na kikombe cha povu la sabuni na brashi, akipaka kila kiungo na kungoja mapovu. Nilimwona akianzia chumba cha kwanza na cha pili, ambako hakukuwa na shida yoyote. Niliona, nikashangaa, nikafunga mdomo, kwa sababu nilikuwa na wagonjwa kumi na wanne na sikuwa nimelala vizuri tangu Oktoba. Hilo ni langu, nalibeba mwenyewe.

Jumatano yule bibi wa chumba cha kumi na mbili akafariki. Alikuwa na miaka themanini na minne, sukari, na moyo mbovu. Mladen alikuwa tisini na moja asubuhi. Chumba cha kumi kilipopata wagonjwa wawili wapya akashuka mpaka themanini na sita, na mzaha ukamwishia. Tulimlaza kifudifudi akakubali bila neno. Hapo ndipo nilipoogopa.

Alhamisi asubuhi nilikuwa na daktari kwenye kijichumba chake, tunapanga dawa, Gencho akabisha mlango. Alikuwa amenyoa ndevu. Ovaroli yake ilikuwa safi, imepigwa pasi, kama mtu anayekwenda kanisani.

"Daktari, hakuna panapovuja."

"Afadhali. Basi tatizo liko wapi?"

"Bomba ni jembamba."

"Lipi?"

"Kuanzia chumba cha tisa kwenda mbele, juu ya dari. Mpaka cha tisa ni milimita ishirini na mbili. Kutoka pale ni kumi na mbili."

Daktari akaweka kalamu chini. "Michoro inasema ishirini na mbili mpaka mwisho. Niliitazama jana mwenyewe."

"Michoro niliitia sahihi mimi."

Akatueleza amesimama, kofia mkononi. Mwaka ule mkate wenyewe ulikuwa wa foleni. Shaba nene ilikuwa imepotea stoo, hakuna aliyejua imekwenda wapi, au wote walijua. Mkuu wa matengenezo wa wakati huo, ambaye sasa ni marehemu, alimwambia amalizie na mabomba ya mafriji: kule mwisho ni wagonjwa wa kujikuna, nani atavuta oksijeni? Gencho aliona anasema kweli. Akaombwa aandike kipimo kilichotakiwa, si kilichowekwa, akaandika. Alikusudia kulibadilisha baadaye. Mwaka ukaleta mwaka, na wagonjwa wa kule wakaendelea kujikuna.

"Uligundua lini kwamba ndilo linalowanyima hewa?" daktari akauliza.

"Jumanne. Sevda hapa aliponionyesha kile kijipira."

"Leo Alhamisi, Mzee Gencho."

"Ndiyo. Leo Alhamisi."

"Ulikuwa unapaka sabuni siku mbili, unatafuta nini?"

"Nilikuwa naomba pawe panavuja," Gencho akasema.

Daktari Lyubenova ni mwanamke mfupi, mkali. Nilimjua kwa kufokea watu kwa vitu vidogo, kikombe kilichoachwa dirishani, faili lililokunjwa. Safari hii hakupandisha sauti hata kidogo.

"Nitakukasirikia baadaye," akasema. "Sasa sina nafasi. Niambie vitanda vingapi vinaweza kuvuta kule mwisho bila kunyang'anyana."

"Vitatu. Na visivute sana."

"Viko tisa."

"Najua."

"Utafanyaje?"

"Kliniki ya kifua kikuu iliyofungwa, kule mlimani, ina kiunganishi cha mitungi sita, cha hospitali, na vipunguza presha vyake. Nikikifunga upande wa pili, mwisho wa bomba, hewa itaingia kwa miguu miwili. Hata bomba likiwa jembamba, itatosha."

"Saa ngapi?"

"Saa kumi jioni. Nikipewa gari sasa hivi."

"Chukua gari la wagonjwa. Toka."

Alipotoka daktari alichukua orodha ya vitanda. Kisha akasimama, tukaanza kuhamisha watu. Waliohitaji hewa nyingi tukawasogeza vyumba vya mwanzo, waliokuwa na nafuu tukawapeleka mwisho. Halafu tukapita kitanda hadi kitanda, tukipunguza kwa kila aliyekuwa nayo kupita haja. Chumba cha tatu kulikuwa na mama mmoja mwoka mikate, mwanamke wa maneno, kidole chake kinasoma tisini na tisa. Aliposikia mlio wa hewa unapungua alikishika kitufe kwa mkono wake.

"Daktari! Unaniibia hewa mchana kweupe?"

"Una tisini na tisa. Tisini na tatu inakutosha. Kuzidisha hakukuponyi haraka, mama, unakunywa tu kikombe cha jirani."

"Jirani gani?"

"Mladen wa reli."

"Yule mtukanaji? Aliwahi kunifungia mlango wa treni na kapu langu likiwa ndani." Akaachia kitufe. "Punguzeni. Lakini mwambieni nimemkumbuka."

Mladen tulimsukuma na kitanda chake mpaka chumba cha pili, kwenye mashine ya kupuliza oksijeni yenye joto na unyevu kwa kasi kubwa kupitia puani. Aliingia akiwa themanini na tano. Baada ya nusu saa alikuwa tisini na moja, akafungua jicho moja akauliza, "Stesheni gani hii?"

Gencho alirudi saa sita na kiunganishi kimefunikwa kwa blanketi. Alikiosha kila kipande kwa mikono yake, akakikausha, akakitazama kwenye mwanga kama kito. Mitungi sita ilipandishwa kwa mabega, kama zamani, na wanaume waliokuwa wanalalamika mgongo hata wakibeba magodoro. Alitoboa ukuta wa chumba cha kumi na mbili kutoka kwenye roshani. Kabla ya kuchomelea alitusimamisha sote, akafunga tawi lile la bomba, na wagonjwa sita waliobaki kule wakavuta kwenye mitungi midogo ya magurudumu kwa dakika arobaini. Nilikwenda toka huyu mpaka yule bila kupumzika, nikitazama vidole. Saa kumi kasorobo akafungua valvu. Nilikuwa nimesimama mbele ya kioo cha chumba cha kumi na moja. Kijipira kikapanda mpaka kumi na tano, kikatulia. Chumba cha kumi wakafungua. Kikabaki pale pale.

Nikapaza sauti ukumbini, "Kimesimama!" Watu wakapiga makofi. Gencho alikuwa amepiga goti lake zima kwenye roshani, anakusanya vyombo. Hakugeuka.

Mitungi sita ilidumu kama saa saba, kisha ilibidi ibadilishwe. Kuanzia siku hiyo Gencho hakwenda kwake ila kuoga.

Ijumaa Mladen alifika tisini na nne. Adhuhuri nilikuwa dirishani, nimelifungua kidogo, nikamsikia Gencho akimwambia Rusanka namba ile. Mwanamke yule akaweka sufuria chini kwenye theluji, akaushika mkono wa Gencho kwa mikono yake miwili na kuubusu. Gencho akaunyakua mkono kama mtu aliyegusa pasi.

"Usifanye hivyo, Rusanka."

"Kwa nini? Si umesema ninyi ndio mliomhamishia kwenye hewa nzuri?"

"Usifanye tu. Nipe hiyo supu."

Zilikuwa siku nne nzuri. Mladen alitutukana sote kwa zamu. Akamtumia yule mwoka mikate salamu kwamba kapu lile liliwahi kufika Sofia kabla yake. Lakini Jumanne nilimkuta amekaa, mabega yanapanda na kushuka. Namba ilikuwa bado tisini na mbili, na asiyejua angesema hajambo. Nikahesabu pumzi zake: arobaini na mbili kwa dakika. Mashine ilikuwa imefikia mwisho wake, na yeye alikuwa anavuta kwa misuli ya shingo, kama mtu anayepandisha mkokoteni mlimani. Jioni namba nayo ikaanza kushuka.

Daktari akakaa ukingoni mwa kitanda. "Mzee Mladen, umechoka. Nataka nikulaze, mashine ikupumulie kwa siku chache."

"Nitaamka?"

"Wengine wanaamka. Wengi hawaamki. Bila mashine sioni njia."

Akafikiri. "Angalau wewe si mwongo," akasema, akipumua kati ya kila neno. "Nipe simu."

Nilimshikia simu sikioni. Hakuweza kusema mengi. Alimwambia Rusanka ufunguo wa banda uko wapi, na kwamba supu ilikuwa nzuri, ile ya chumvi ilikuwa ni mzaha. Kisha akasema, "Basi, mama, basi," akafumba macho, nikaiondoa simu.

Alifariki Jumamosi, siku ya kumi na tano tangu alipoingia na kofia yake.

Gencho alimkuta daktari ukumbini siku ile ile. Nilikuwepo, nimebeba shuka.

"Zile siku mbili, Daktari. Zilimuua?"

"Sijui."

"Wewe ni daktari."

"Nimekuambia sijui. Nimekuwa na watu waliopata hewa yote tangu saa ya kwanza na wamekufa. Nimekuwa na mmoja aliyekuja na sitini na nane akaenda zake nyumbani. Mapafu ya Mladen yalikuwa mabaya tangu Ijumaa ile. Siku mbili za themanini na sita hazikumsaidia, hilo najua. Zaidi ya hapo anajua Mungu, na mimi hataniambia."

"Na yule bibi?"

"Mzee Gencho, ukitaka mtu wa kukuhukumu, si mimi. Na ukitaka wa kukusamehe, si mimi pia. Nenda kabadilishe mitungi."

Akaenda, akabadilisha.

Mwezi wa kwanza alimwandikia mkurugenzi barua, kurasa mbili kwa mwandiko wa fundi, herufi kubwa, akieleza bomba, sahihi yake na zile siku mbili. Mkurugenzi akamwita, akamwambia mtu aliyeamuru amekufa, karatasi ni za zamani, wizara haihitaji kusumbuliwa, na asante kwa kazi nzuri ya Novemba. Gencho alitoka pale amekonda. Tinka aliniambia nyumbani hali chakula, anakaa kwenye ghala la mvinyo, anatazama mapipa. Ile sentensi yake ya harusini hakuitamka tena, na nadhani ilimuuma zaidi kwamba hakuna aliyemwomba aitamke.

Machi akaniomba nimsindikize kwa Rusanka.

"Unakwenda kumwambia?"

"Ndiyo."

"Kaka Gencho, umefikiri?"

"Nimefikiri tangu Novemba. Nisipolisema litaniua."

Rusanka alitukaribisha jikoni, akatuwekea kahawa na jamu ya tini. Gencho hakugusa. Akasema yote, moja kwa moja, macho kwenye kitambaa cha meza: shaba, sahihi, Jumanne, Jumatano. Alipomaliza Rusanka alikuwa amesimama, mkono kwenye kiti.

"Kwa nini umeniambia?"

"Nilidhani una haki ya kujua."

"Nilikuwa nimeshalala, Gencho. Miezi mitatu sikulala, mwezi huu nikaanza kulala. Nilisema ni ugonjwa, ni dunia nzima, ni mapenzi ya Mungu. Sasa umeniletea Jumanne na Jumatano hapa jikoni kwangu. Nizifanyie nini?"

"Rusanka..."

"Kama ungekwenda kwa daktari Jumanne, angeishi?"

"Daktari anasema hajui."

"Basi hukuniletea ukweli. Umeniletea mzigo wako tu, ulipokushinda." Hakulia. "Na mimi niliubusu mkono wako."

Tukatoka. Njiani Gencho alisimama kwenye ua wa mtu, akashika waya, nikadhani ni goti linamuuma. Alisema, "Ana haki. Nilikwenda kwa ajili yangu." Tulitembea mpaka stesheni, tukaachana pale.

Kiangazi tulipata bomba jipya, milimita ishirini na nane mpaka chumba cha mwisho. Mafundi walitoka mji wa Vratsa, vijana wenye vyombo vizuri, na Gencho, aliyekuwa amebakiza miezi miwili astaafu, alisimama chini ya ngazi akiwapimia kila kipande kwa rula yake kabla hakijapanda. Walimcheka.

"Babu, hutuamini?"

"Siamini mtu," akajibu. "Andika namba hii hapa. Andika unayoiona, si unayoitaka."

Juni, Jumamosi ya kuwaombea wafu kabla ya Pentekoste, mji mzima ulikuwa makaburini. Wajane walikuwa wanagawa ngano ya kuchemsha yenye sukari na karanga kwenye vikombe vya karatasi, kila mtu kwa roho ya wake, na anayepokea anasema Mungu amsamehe. Gencho na Tinka walikuwa kwenye kaburi la wazazi wao, safu mbili kutoka kwangu. Nikamwona Rusanka anakuja na sinia, anampa huyu, anampa yule. Alipofika kwa Gencho akapunguza mwendo. Nilifikiri atampita.

Akamnyooshea kikombe. "Kwa roho ya Mladen."

"Mungu amsamehe," akasema Gencho.

"Usidhani yamekwisha," Rusanka akamwambia, sauti ya kawaida tu, kama anayesema habari za mvua. "Sikukupa kwa ajili yako. Siku ya leo hapewi mmoja akanyimwa mwingine." Akamgeukia Tinka, akampa chake, akamuuliza binti yake wa Valencia atarudi lini.

Gencho alikula ile ngano yote pale pale amesimama, punje kwa punje, mpaka kikombe kikawa kitupu. Kisha akakikunja, akakitia mfukoni, akaenda kumshikia mkewe ndoo ya maji ya maua.